Magari Yako ya Harusi Yatafika

Mke wangu mdogo Mwanaidi,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Kumbe umeamua kuniacha, unaolewa na kijana! Bibi yako anacheka tu, na goti lake sasa halijambo.

Umeuliza kama magari ya harusi yatafika mlangoni kwetu hapa Kisarawe, maana rafiki yako alishushwa mbali, akapita vichochoroni na shela lake. Yatafika. Mtaa huu ulikuwa shamba la mikorosho la mama yangu. Alipoanza kuuza viwanja hapakuwa na mpima. Akatutuma vijana tukaazime jeneza msikitini, tulibebe tupu toka barabara kuu hadi mwisho wa shamba, na wenzetu wa kupokezana wakitembea kila upande. Yeye nyuma yetu akichomeka vigingi vya njia pande zote mbili.

Mnunuzi mmoja alihamaki. "Mama, unatuitia kifo, na kiwanja changu unakimega!"

"Kifo hakingoji kuitwa, mwanangu. Kikija kwako, nitataka watu wapate pa kupita."

Leo mabomba ya maji yamepita humo humo, na taa za barabarani. Gari la wagonjwa linafika mpaka kibarazani kwa yule mnunuzi, naye sasa huwaonyesha wageni njia yetu kama kaichonga mwenyewe. Mama tulimpitisha humo, na jeneza lake halikugusa ukuta wa mtu.

Basi njoo na magari yote, na honi mpige. Palipoutosha msiba, mjukuu wangu, harusi itaenea.

Babu yako uliyemwacha