Foleni Niliyopanga Gitega

Gitega, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama, na maharage yamestahimili mvua. Mimi mwili hauna neno. Moyoni ndiko kuna shida.

Nimeandika kwa sababu simu yangu huipokei. Kila nikipiga, mama anasema uko shambani, nami nyuma yake nasikia mvua ikipiga mabati na wewe ukikohoa. Mama hajui kudanganya. Barua najua utaisoma. Hujawahi kutupa karatasi yenye maandishi. Dereva wa lori linalokwenda mpakani Kobero atamwachia mama hapo Muyinga.

Habari uliyoletewa ni ya kweli, baba. Nilipanga foleni ya msaada hapa chuoni, nikapokea.

Korona ilipofunga mpaka, malori yaliendelea kupita, lakini mama na vikapu vyake vya nyanya alizuiwa kuvuka kwenda Kabanga, upande wa Tanzania. Ukasema niache uuguzi nirudi, jembe langu lipo. Nikarudi kwenye madaftari yangu. Ilikuwa imebaki mitihani ya mwisho tu, na asiyemaliza ada haruhusiwi kuingia. Ndipo chuo kikatangaza msaada wa dharura kwa wanafunzi ambao wazazi wao wamepoteza kipato kwa sababu ya ugonjwa huu.

Siku ya kwanza nilikuta maduara ya chokaa yamechorwa chini, kila mtu asimame kwenye lake, na ndoo ya kunawia mlangoni. Nikakumbuka unavyotusimulia kambi ya wakimbizi kule Tanzania, ulivyokuwa ukisimama juani na kadi ya mgao mkononi. Siku mliyorudi Burundi uliapa kwamba foleni ile uliipanga kwa niaba yetu sote. Nikageuka, nikaondoka.

Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira anayeuza vitenge sokoni, ndiye mwenye chumba ninachopanga. Aliniona narudi mikono mitupu.

"Balikukatalia?"

"Hapana, mama. Nimeona haya."

"Haya ya nini? Mi nilitokaka Uvira na kitenge moja tu. Kama sikupokeaka msaada, leo we ungelala wapi? Bon, baba yako atakasirika. Lakini atakuwa na muuguzi. Enda, mwanangu."

Kesho yake nilisimama kwenye duara langu. Niliaibika, sikufichi. Mwalimu aliyekuwa mezani akauliza baba anafanya kazi gani. Nikamjibu kwa sauti, hata wa nyuma wakasikia: mkulima, kwenye shamba lake mwenyewe, Muyinga. Akaandika.

Pesa ile sikuinunulia hata sabuni. Ada imekwisha, na Alhamisi naingia kwenye mtihani.

Sikufanya hivi kukudharau. Kiapo chako nakiheshimu kuliko unavyodhani. Lakini uliapa kabla hatujaujua ugonjwa huu, na foleni yangu hukuweza kunipangia.

Nisalimie bibi, umwambie magoti yake nayaombea. Mdogo wangu Désiré apunguze mpira, asome. Mama naye mwambie uongo wake nimeusamehe.

Alhamisi jioni, nikitoka kwenye mtihani, nitapiga. Ipokee wewe, baba. Kama ni kunigombeza, nigombeze mpaka vocha iishe. Sitakata.

Mwanao akupendaye,
Josiane