Halua Haikuwa na Kosa

Malindi, Jumatano jioni

Dada Zuhura,

Shikamoo. Joto la huku limetumaliza, na miguu yangu imechoka kwa foleni ya kliniki, kwa hiyo nakuandikia lile kubwa tu. Mama hakuwa akila halua kwa siri.

Muuguzi alimlaza, akamtomasa kushoto mwa kitovu, akakuta uvimbe laini kama andazi. "Mama, sindano unajidunga hapa kila siku?"

"Hapo hapaumi, mwanangu. Nihame niende wapi?"

Muuguzi akacheka, akatueleza. Insulini huzihimiza seli za mafuta ziweke akiba. Ukiidunga mahali pamoja kila siku, seli za hapo hunenepa na kujazana, na dawa hukwama humo isifike damuni inavyopaswa. Ndiyo maana sukari ilikataa kushuka, nasi tukalaumu mdomo wake, hata ukamfungia kabati la halua. Sasa atabadilisha mahali, leo paja, kesho upande wa pili wa tumbo, na daktari amempunguzia kipimo kwanza, kwa kuwa dawa sasa itafika yote.

Tulipotoka nilikuwa hoi. Mama akafunga leso yake vizuri, akaniambia, "Mwandikie Zuhura anirudishie ufunguo wa kabati langu. Halua yenyewe siitaki. Nataka ufunguo wangu ukae kwenye pindo la leso yangu."

Tunarudi Mtwapa Ijumaa. Wabusu watoto, na utupokee mlangoni ukiwa na ufunguo mkononi.

Mdogo wako akupendaye,
Rehema