Fuawe la Baba Limetiwa Moto

S.L.P. 27,
Waithaka, Nairobi.
16 Agosti 1969

Mpendwa kaka Zadock,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu Waithaka. U hali gani huko Mombasa, na lile joto unalolilalamikia kila barua? Kifua kimepona? Sisi tu wazima. Baba magoti yanamsumbua na baridi hii, lakini chai anakunywa, na kunikaripia hajaacha.

Kaka, kama hujatoa barua ya kuacha kazi bandarini, usiitoe. Najua ulisema utaitoa mwisho wa mwezi. Nakuomba usome hapa mpaka mwisho kwanza.

Uliniagiza nitafute mtu wa kukagua fuawe la Baba, lile pande la chuma analofulia vyuma vyake, ujue kama litakufaa ukija kushika nyundo badala yake. Jumanne alikuja fundi Kinyanjui, yule mwenye karakana ya mageti karibu na Adams Arcade. Baba alitoka na mkongojo wake, akakaa juu ya debe, ana furaha kama bwana harusi. Akaanza kumhadithia farasi wote wa mashamba ya Karen aliowafulia viatu juu ya chuma kile.

Kinyanjui akagonga kwa nyundo ndogo. Unaikumbuka ile sauti tuliyokuwa tukiisikia hata tukiwa mtoni? Haikutoka. Akatoa mfukoni gololi ya chuma, akaiachilia kutoka juu. Ilipaswa kuruka irudi karibu na kiganja chake. Iliinuka vidole viwili hivi, ikatulia. Akajaribu pembeni, akajaribu katikati, mambo yakawa yale yale.

"Hii chuma imekuwa laini, mzee," akasema. "Ukifua hapa, inabonyea yenyewe. Nani aliweka hii kwa moto?"

Kaka, ni mimi. Ile lami tuliyozibia paa ilimwagikia fuawe ikaganda, nami nilitaka ulikute safi. Siku Baba alipokwenda kliniki, nililizungushia magogo na makaa, nikachochea mpaka likawa jekundu, kisha nikaliacha lipoe taratibu kwenye majivu. Lami ilitoka yote, na mimi nikajisifu. Mimi niliyemvukutia Baba moto tangu utotoni! Nimemwona akilainisha vyuma kwa njia hiyo hiyo mara ngapi, wala halikunijia akilini. Naona aibu hata kuandika.

Nilifungua mdomo niseme, Baba akanitangulia.

"Ni mimi," akamwambia Kinyanjui. "Uzee huu. Nilisahau."

Fundi wa watu akainamisha macho. Baba, ambaye hajawahi kusahau hata msumari mmoja! Nadhani aliyaona majivu siku ile ile aliporudi, akanyamaza. Tangu Jumanne hajanigusia neno.

Kinyanjui anasema linaweza kutiwa moto tena na kumwagiwa maji mengi kwa ghafla, lirudie ugumu wake. Ila huenda likapasuka vipande viwili, na hapo hakuna dawa. Baba hataki lijaribiwe mpaka uwepo. Kwa hiyo omba likizo uje, lakini kazi yako ishike kwa mikono miwili.

Msalimie wifi Philister na watoto. Shangazi Lornah anakusalimu sana, anauliza lini utamletea nazi ulizomwahidi. Mungu akutunze huko, akufikishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, mkosaji, lakini nakupenda,
Rael

N.B. Baba alitaka nimsomee barua hii kabla sijaifunga. Nilipofika pale pa moto, nilisoma kwamba ni yeye. Akaitikia kwa kichwa, akasema nimeandika vizuri. Ukija, tafadhali usimwulize.