Kwa Nini Yuko Huru

Naviundu, Lubumbashi
Jumapili, baada ya ibada

Yaya Paluku, kaka yangu,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Mama, halafu wote mnaokula chungu kimoja hapo nyumbani Butembo. Mama bado anakohoa asubuhi? Paa la jikoni lilishapata bati jipya, au mvua bado inawachagulia mahali pa kukaa? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo lakini usimwambie Mama, atasema mke wa Mjomba hanilishi, na si kweli. Bukari, ugali wa hapa, ni nyingi, ni mimi tu ninayeshindwa kuimaliza.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu mnaweka sauti ya juu, Mama anasikiliza, bibi yetu Koko anasikiliza, jirani aliyekuja kuomba moto anasikiliza. Nawe unanijua, mbele ya watu maneno yangu yanabaki kooni. Ninachotaka kukuambia ni chako peke yako kwanza. Mama Kyakimwa, yule muuza vitenge wa mtaa wetu, anarudi huko kesho kutwa kwa basi, kwa kupitia Zambia na kuzunguka kote kule, na ameniahidi kufika kabla mwezi haujaisha. Nimemwomba akupe mkononi.

Shuleni ninaendelea. Nasoma, napata alama nzuri, sina rafiki. Nikijibu swali darasani wanacheka Kiswahili changu cha Kivu, basi sasa nasubiri mwalimu atoe karatasi ndipo nijibu. Joto limekuwa kali na mvua imekataa kuanza. Umeme unakatika saa za kusoma, kwa hiyo mchana natoka na vitabu vyangu kwenda uwanjani, kwenye mazoezi ya timu ya Mjomba, kwa sababu pale kuna kivuli cha jukwaa na hakuna anayenisemesha. Ndivyo mambo yalivyoanza.

Unajua kwamba Mjomba ni mwenyekiti wa timu ya mpira wa kikapu. Ni timu ya wachezaji wa kulipwa kama zile nyingine za mjini, ila ndiyo ya mwisho kwa mali. Mwaka huu klabu kubwa zilimchukulia wachezaji watatu, pamoja na yule mrefu wa chini ya kikapu. Mjomba hawezi kununua mtu. Anachoweza kutoa ni mshahara mdogo, chakula cha nyumbani kwake, na kitanda katika chumba kilicho nyuma ya depo yake ya mchele na samaki wa chumvi. Kitanda ni kimoja. Kwa hiyo ilibidi atafutwe mchezaji huru, yaani mtu ambaye mkataba wake umekwisha na klabu yake ya zamani imempa barua ya kumwachilia, ili asidaiwe na yeyote.

Kocha ni mzee mrefu kutoka familia ya Kongolo. Babu yake aliletwa huku na kazi ya reli. Siku moja aliniona jukwaani nikiandika pointi za mechi kwenye daftari langu, kama tulivyokuwa tukifanya mimi na wewe. Akalichukua, akalinganisha na karatasi ya waamuzi, akanirudishia. Kesho yake alinipa daftari jipya la wachezaji huru, lililopigwa mistari kwa rula. Jina, umri, urefu, alikocheza, anachoomba. Na safu ya mwisho, nyembamba kama kidole: kwa nini yuko huru.

“Muchezaji muzuri wa bei ya chini, kuko sababu,” aliniambia. “Unitafutie ile sababu.”

Yaya, nilipiga simu kwa watu nisiowajua. Kila mara niliandika kwanza kwenye karatasi maneno nitakayosema, hata “habari za mchana” niliiandika. Nilipiga Kolwezi, Likasi, Kalemie, hata Kananga. Walijibu kwa heshima, watu wazima wenye sauti nzito wakiniita “madame” kwa sababu hawakunijua. Mmoja alikuwa huru kwa sababu alimpiga kocha wake. Mwingine umri wake wa kweli ulikuwa umepita ule wa kwenye karatasi. Mwingine hakuwa na kasoro yoyote, ila ana watoto wanne na hawezi kuwalaza wote nyuma ya depo. Nilikuwa nafupisha maisha ya mtu mpaka yaingie kwenye ile safu nyembamba, halafu naenda kula na sisikii ladha ya chakula.

Jina lako niliandika la kwanza kabisa. Uliponiambia kwenye simu, “Muambie Mjomba niko tayari,” nilikuwa nimeshaliandika. Nilijaza safu zote kwa furaha, isipokuwa ya mwisho, na hiyo ikakaa wazi wiki nzima. Ningeweza kuandika kwamba ligi ya kwetu imesimama kwa sababu ya vita na viwanja havina watu. Ni kweli, na Kocha angeikubali. Lakini msimu ule ulipocheza kila mechi bila mtu wa kukupokea, nilikuwa nakuletea maji ya moto na kitambaa cha kukanda goti kila jioni, na hukuniambia kama lilipona. Niliogopa kukuuliza mbele ya simu yenye masikio mengi.

Kisha ukatuma zile video tatu.

Ile ya tatu unafunga mipira sita mfululizo kutoka pembeni. Wa saba unagonga chuma, unaruka ukuta, unaanguka kule nyuma ya kanisa, nawe unashuka ngazi kuufuata. Aliyeshika simu alisahau kuzima. Unashuka mkono wako ukiwa ukutani. Mguu wa kushoto unatangulia, wa kulia unaufuata kwenye ngazi ileile, halafu unaanza tena, kama mtoto anayejifunza.

Lazima nikueleze kwamba timu yetu haina daktari. Mtu akija kujaribiwa, Kocha anampandisha juu ya jukwaa na kumwambia ashuke polepole, mikono nyuma. Anasema kukimbia kunaficha goti lakini ngazi haziwezi kulificha. Nilikuwa nimeona wanaume wanne wakishuka ngazi zile, na wawili kati yao wakirudishwa makwao. Kwa hiyo nilipokutazama nilijua ninachokiona. Nilirudia mara nyingi, labda mguu ungebadilika.

Gloire, mtoto mkubwa wa Mjomba, ndiye fundi wa simu hapa nyumbani. Aliangalia juu ya bega langu akasema jambo ni rahisi, video inakatwa hapo mpira unaporuka ukuta. Kocha anapenda mikono, hatatafuta ngazi. Nilipoirudia video kuanzia kwenye ngazi akanicheka. “Weye Kavira, ule ni ndugu yako ao ni zoezi ya hesabu?”

Sikukata. Wala sikusema. Nilifanya kitu cha katikati ambacho hakina jina zuri: nilimpelekea Kocha video nzima na kumwomba Mungu ili Kocha aache kutazama mapema.

Na aliacha mapema, Yaya. Aliona mipira sita, akavua miwani, akaifuta na shati, akavaa tena. “Huyu mutu alijifichaka wapi?” aliuliza. Sijawahi kumwona akifurahi hivyo. Alinirudishia simu, video ikiwa bado inacheza, akageuka kumwita Mjomba. Halafu akauliza, kama anavyouliza juu ya kila mmoja, “Na goti yake iko namna gani?”

Unakumbuka mechi ile ya parokia, nilipokuwa na miaka minane? Nilikuongezea mpira mmoja kwenye daftari kwa sababu ulikosa kidogo tu na mimi nilitaka ushinde. Jioni ulisoma, ukanipa kifutio. “Futa. Ile haikuingia.” Nililia, ukasubiri nimalize kulia, na bado ukanifutisha.

Niliirudisha video mpaka kwenye ngazi, nikampa Kocha simu.

Alitazama mara mbili. Furaha ilimtoka usoni taratibu, kama mtu anayevua koti.

“Ni yaya yako?”

“Ndiyo.”

“Pole, mutoto.”

Akanisogezea penseli, nikajaza safu.

Sasa unajua. Si Mjomba aliyekukataa. Najua huko mnasema tangu afanikiwe hawajui tena watu wa dada yake. Mama hamsalimu tena akinipigia, na Mjomba anaona. Siku ile alikaa juu ya gunia la maharagwe deponi bila kuhudumia wateja. Aliniambia nisikuandikie wala kukupigia juu ya jambo hili. “Umuache na tumaini yake,” alisema. “Mimi nitamuambia tutaona.” Unajua kwetu mtu hamwambii ndugu yake hapana, anamwambia tutaona, na ndugu mwenyewe anatakiwa kuelewa. Amekuambia mara tatu. Nadhani alifikiri umeelewa.

Lakini Jumapili iliyopita Mama aliniambia, tena kwa sauti ya kujivuna, kwamba masista wamekupa nafasi ya kufundisha michezo shuleni kwao na timu ya wasichana, nawe umewaambia wasubiri kwa sababu Lubumbashi inakungoja. Akasema watasubiri mpaka mwisho wa mwezi, kisha watampa mwingine. Mlikuwa wote mnasikiliza. Nilisema, “Vizuri, Mama,” nikasingizia kwamba chaji ya simu inaisha.

Tangu siku hiyo sijasoma ukurasa mmoja ukaingia kichwani.

Kitanda cha nyuma ya depo kina mtu. Anaitwa Patient, anatoka Likasi, ana miaka thelathini na mitatu. Yuko huru kwa sababu aliacha timu katikati ya msimu akamuuguza mama yake mpaka mama huyo akafa, na klabu yake ikasema ni mtu wa kutotegemewa. Mimi ndiye niliyemtafuta. Ni mpole, anakula haraka bila kuinua kichwa, asubuhi anawasaidia vijana wa Mjomba kupanga magunia ingawa hakuna aliyemwomba. Nilikuwa nimeshakupangia chumba kile, msumari wa kutundika jezi yako niliupigilia mimi mwenyewe, karibu na dirisha ambako harufu ya samaki haifiki sana. Sasa jezi yake iko pale. Juzi aliniuliza, “Na mimi uliniandikaka nini?” Nilimsomea. Akatikisa kichwa, akasema, “Ni vile,” akaenda kuoga. Anashuka ngazi vizuri. Hana mikono yako. Tumecheza mara mbili tukashindwa mara mbili, na kila mpira ukigonga chuma Kocha ananitazama bila kujua kwamba ananitazama.

Yaya, usisubiri simu ya Mjomba. Haitakuja. Kama kuna mtu wa kukasirikia, nikasirikie mimi, ila kwanza nenda kwa masista. Nenda siku utakayopata barua hii, hata kama viatu vina matope. Ukishatoka huko unaweza kukataa kuongea nami kwenye simu, nami nitaelewa. Najua kufundisha wasichana kurusha mpira si kitu ulichokuwa ukikingoja. Sitakuambia ni kizuri, kwa sababu sijui. Najua tu kwamba ni kitu kilichopo.

Nisalimie Mama, umweleze juu ya Mjomba kwa namna utakayoona inafaa, lakini umweleze. Nisalimie Koko, mama ya Mama, umwambie bado navaa sweta yake alfajiri. Nisalimie mdogo wetu wa mwisho, asiuze vitabu vyangu. Mke wa Mjomba anawasalimu. Mjomba hajui kwamba naandika, kwa hiyo salamu zake sina, lakini jana aliuliza kama paa la jikoni lenu limetengenezwa.

Kocha aliniambia niondoe kwenye daftari majina ya wasiochukuliwa. Wengine nimewapiga mstari. Ukurasa wako nimeukata, nimeukunja humu ndani ya barua. Utaona safu zote. Ile ya mwisho niliandika kwa herufi ndogo ili iingie: goti la kushoto, alicheza msimu mzima bila mtu wa kumpokea. Nimeandika kwa penseli, kama ulivyonifundisha. Panda ngazi za kanisa, ushuke polepole, mikono nyuma, bila mtu kukutazama. Kama nimeandika kitu ambacho hakikuingia, futa.

Mdogo wako anayekuogopa na kukupenda,

Kavira