Mjukuu Wangu, Raia wa Dunia

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Miguu imevimba, viatu vimekataa kuvulika. Mwanangu amenenepa na anatembea kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Mjukuu ana wiki sita. Pua ni yetu. Sikutamka, maana bibi mwenzangu, mama mzazi wa mkamwana, alikuwa amesimama palepale, na uso wake ulionyesha kwamba na yeye ana msimamo kuhusu hiyo pua.

Bibi huyo alifika juzi. Ameshachukua kitanda cha dirishani. Chumba kimoja: mimi, yeye na kabati.

Mkamwana anarudi kazini kesho, mwanangu hajawahi kutoka kazini. Kwa hiyo bibi wawili ndio walezi. Mimi sijui neno hata moja la kwao, yeye hajui la kwetu. Wenyewe, mume na mke, wanaongea lugha ya kazini, ile waliyokutana nayo huku ugenini. Ninayoijua mimi inaishia kwenye "asante" na "choo kiko wapi".

"Mtaelewana tu, Mama," mwanangu akasema. Alisema huku anavaa viatu.

Jumanne, 4 Machi

Mimi ni msusi. Saluni kwangu watu wanafuata maongezi, nywele ni kisingizio. Mwenzangu alikuwa dereva wa treni ya mizigo mpaka akastaafu. Maisha yote peke yake kwenye kile kibanda cha mbele, hana wa kumsemesha. Na inaonekana hakuumia.

Nimempa jina: Dereva.

Anafungua dirisha. Nafunga. Anafungua. Nafunga. Hatugombani. Tunafungua na kufunga kwa heshima kabisa, kila mmoja anampisha mwenzake.

Jumatano, 5 Machi

Mwanangu ameniwekea kwenye simu kitu kinachotafsiri. Unaongea, simu inamwandikia mwenzako. Nimeiambia polepole, kama naongea na kiziwi: "Ukifungua dirisha, mtoto atapata mafua."

Dereva akasoma. Akanitazama kwa huruma kubwa! Akafunga dirisha mwenyewe. Nikajisemea, kumbe mtu mwelewa.

Kisha akaniletea karatasi laini za kupengea kamasi. Akambeba mtoto, akaenda naye sebuleni. Kila nikisogea, anasogea.

Alhamisi, 6 Machi

Siku nzima sijamshika mjukuu. Nikinyoosha mikono, Dereva anatikisa kichwa na kunionyesha kitanda nikalale. Ananiletea maji ya moto. Nimekunywa maji ya moto mpaka tumbo linacheza ndani kama debe.

Jioni nimemlalamikia mwanangu. Amefungua simu, mkewe akamsomea, akaketi chini kucheka. Simu ilimwambia Dereva kwamba nina mafua na nafunga dirisha kwa sababu nasikia baridi.

Mkamwana alimweleza mama yake. Dereva akaja moja kwa moja, akanipakatisha mtoto, akakaa pembeni yangu. Uso umemshuka. Dirisha tukaliacha wazi kiasi cha vidole viwili. Hakuna aliyeligusa.

Jumapili, 9 Machi

Leo tumeitwa mezani. Kikao. Mwanangu anaongea na mimi, mkamwana anaongea na mama yake, kwa pamoja, kama redio mbili.

Kumbe wamekata shauri. Mtoto atalelewa kwa lugha ya kazini, hiyo moja tu. Sababu wanazo, na si za kijinga. Ndiyo lugha pekee ambayo baba na mama wote wanaielewa. Mwanangu akiongea na mtoto lugha yetu, mkewe anageuka mgeni nyumbani kwake. Mkewe akiongea ya kwao, ni yeye anayegeuka mgeni. Hiyo moja haina mwenyewe, hakuna wa kununa.

"Huyu ni raia wa dunia, Mama. Hatumfungi sehemu moja."

Nikamuuliza dunia inaongea lugha gani.

Akasema nisianze.

Halafu ombi: na sisi mabibi tupunguze maneno mbele ya mtoto, tusimchanganye. Nikamwangalia Dereva. Alikuwa ameweka kijiko chini. Yeye huwa hasemi kitu, kwa hiyo huwezi kujua anawaza nini. Mimi nilijua.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejaribu. Nimemwogesha mjukuu kimya kimya kama naosha sahani ya watu. Akanikodolea macho. Mtoto anajua kabisa kwamba hapa kuna mtu wa kuongea na haongei.

Mchana nimeamka usingizini, chumbani hayupo mtu. Nakwenda jikoni. Dereva amempakata mtoto karibu na friji, amemwinamia, anamnong'oneza. Maneno yanatoka mfululizo, hayana kituo! Sikujua kama anayo mengi hivyo. Aliponiona akafumba mdomo, akawa mwekundu mpaka masikioni. Kama mwizi.

Nikamchukua mtoto. Nikasema kwa sauti, kwa lugha yetu: "Njoo kwa bibi, kipenzi changu, mzee wangu mdogo usiye na meno, nani kakuzuia kusema?"

Dereva akacheka. Mara ya kwanza. Halafu akaenda kufunga mlango wa jikoni.

Jumatano, 12 Machi

Tuna utaratibu sasa, hatukuupanga. Wazazi wakitoka, nyumba inafunguka midomo. Akimlisha yeye, mtoto anasikia ya kwao. Nikimbembeleza mimi, anasikia yetu. Funguo zikilia mlangoni, wote tunageuka mabubu.

Nimemfundisha Dereva "maziwa", "mkojo" na "mkwe". Nimemwonyesha kwa kidole: wewe mkwe, mimi mkwe. Imemfurahisha kwamba neno ni moja kwetu wote wawili. Yeye amenifundisha maneno matatu, moja sijui maana yake, natumaini si tusi.

Leo nimemwosha nywele kwenye sinki. Nikiwa namsugua kisogo, akaanza kusimulia. Hadithi ndefu; kwa mikono akanionyesha mvua na mtu anayepiga honi. Sikuelewa neno. Lakini kazi yangu ndiyo hiyo, kujua mahali pa kuguna na mahali pa kusema "ehee!" Mwishoni alikuwa analia kidogo. Nikasema "pole". Hilo alilielewa bila simu.

Ijumaa, 14 Machi

Tumeshikwa.

Mwanangu amerudi mapema, hatukusikia funguo. Mimi nilikuwa naimba, Dereva anapiga makofi, mtoto anarusha miguu.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Mlikubaliana ninyi. Sisi tulitangaziwa."

Hakucheka. Akamwashiria Dereva kwa adabu, Dereva akatoka na mtoto. Ndipo akaongea. Kwamba alipofika huku, kwenye mikutano akifungua mdomo watu wanatabasamu. Si kwa ubaya, wanatabasamu tu. Wanamuuliza anatoka wapi kabla hawajasikia alichosema. Kwamba alikuwa anajifungia bafuni kurudia sentensi moja mpaka isikike kama ya wengine.

"Imenichukua miaka, Mama. Sasa hakuna anayeniuliza. Sitaki mwanangu aanzie pale nilipoanzia."

Mimi ni mtu ambaye wateja wananifuata kwa sababu sikosi jibu. Nikamwambia chakula kiko mezani.

Jumamosi, 15 Machi

Wote wanne tupo nyumbani. Mtoto ndiye pekee anayetoa hoja.

Mkamwana amelia chumbani kwa mama yake, yaani kwetu. Nilikuwa nimejilaza, nikajifanya nimelala. Aliongea sana. Mama yake akamjibu maneno mawili. Akalia zaidi. Ningetoa nini niyajue hayo mawili!

Jumatatu, 17 Machi

Wazazi wameenda kazini, Dereva ameniketisha. Kwanza simu. Kwa simu nilimuuliza alimwambia nini binti yake. Simu ikaandika: "Nitakufa mgeni." Sijui kama imetafsiri sawa. Safari hii sikutaka kuibishia.

Nimekaa na neno hilo asubuhi nzima: mgeni kwa mjukuu wake mwenyewe. Nikimwambia mwanangu "ongea naye lugha yetu", anasikia mama anavutia kwake. Dereva akimwambia binti yake, ni vilevile. Kila mmoja anavuta kamba, katikati kuna mtoto. Nikajiuliza, je, tukibadilishana kamba?

Kumweleza Dereva ilichukua simu, vikombe vinne na kijiko kilichokuwa mtoto. Alipoelewa alipiga meza mpaka kijiko kikaanguka.

Ni hivi. Mimi nitamwambia binti yake, kwa lugha yao: zungumza na mtoto kwa lugha ya mama yako. Yeye atamwambia mwanangu, kwa lugha yetu, hivyo hivyo. Hakuna anayejiombea.

Jumanne, 18 Machi

Mazoezi. Lugha yao ina sauti moja inatoka kooni, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Dereva ananishika shingo kunionyesha inapokaa. Nimeijaribu kwenye simu. Simu ikasema naomba tiketi ya kwenda mtoni.

Yeye hawezi "mwanangu". Anasema "mwanagu". Nikasema inatosha. Akakataa. Ameirudia akikunja nguo, akimenya viazi, akiwa bafuni. Ameendesha treni huyu, haishii karibu na kituo, anafika kituoni.

Jumatano, 19 Machi

Dereva anaondoka kesho. Ikiwa si leo, basi tena.

Naandika haya bafuni. Nimejifungia.

Tulikuwa mezani wote. Mtoto yupo mapajani kwangu. Dereva akaweka kitambaa chini, akasimama. Mkamwana akamuuliza kitu, hakujibu. Akamgeukia mwanangu.

"Mwanangu," akasema. Safi kabisa! "Zungumza na mtoto. Lugha ya mama yako."

Mwanangu kijiko kilibaki hewani. Alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. Huku ugenini hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Sasa alikuwa anaitwa na mwanamke asiyejua hata kuomba chumvi kwa lugha yetu. Akafungua mdomo amjibu, na hakujua amjibu kwa lugha gani. Akainuka, akaenda kusimama kwenye kibaraza, ametupa mgongo.

Mkamwana hakuelewa kilichosemwa. Alikuwa anauliza, anatuangalia mmoja mmoja, sauti inapanda. Ilikuwa zamu yangu. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu! Sentensi yote imekimbia, imebaki ile sauti ya mwiba peke yake. Nikampa mkamwana mtoto, nikashika tumbo kama linaniuma, nikaja huku.

Nairudia mbele ya kioo. Nimeipata nusu. Namsikia mtoto tu, halafu mlango wa kibaraza unafunguka. Mwanangu anamwambia mtoto kitu, chini chini. Siwezi kusikia ni kwa lugha gani. Nimefunga bomba la maji, bado sisikii.

Mtu anagonga.

"Mkwe," anasema Dereva. "Mkwe. Njoo."

"Njoo" sikumfundisha mimi; nyumba hii anayeijua lugha yetu mwingine ni mmoja tu.