Hukumu Uliyomwachia Mama

Baba,

Leo sikusalimu. Najua kwetu Munanila kuanza kusema na mzazi bila kumpigia makofi ya salamu ni utovu wa adabu, lakini nina hasira nawe.

Unakumbuka ukoo ulipokutana uani kwetu kuamua shamba la mama mdogo Veronika, mjane wa mdogo wako? Kahawa ya shamba lile aliipanda mwenyewe. Nilikuwa nagawa chai nikakusikia, wewe msemaji wa ukoo, ukitamka: “Shamba ni la ukoo. Mwanamke ni mgeni.” Kesho yake alipanda gari kwenda Kasulu na godoro lake, akaanza kuuza ndizi za kuchoma stendi.

Wiki ile tukipalilia maharage nilikuuliza haki inatoka wapi. Ukasema haki ni kile watu walichokubaliana, pasipo makubaliano kuna nguvu tu. Nikauliza mama mdogo alikubali lini. Ukacheka, ukasema shule imeniharibu.

Sasa nafundisha uraia Kibondo. Nawaambia wanafunzi sheria ya nchi inamlinda mjane, na ni kweli. Lakini kama haki ni karatasi tu, atakayeichana karatasi ataondoka nayo. Mama mdogo angekuwa amedhulumiwa hata kama pasingekuwa na sheria popote duniani, kwa sababu ni mtu, anaumia kama ulivyokuwa ukiumia wewe. Sheria ikifika inaikuta haki yake imekaa kitako, imechoka kusubiri.

Hatujamaliza hata miezi minne tangu tukuzike, na mdogo wako mwingine, Yohana, anataka shamba na nyumba ya mama. Hakutukana wala hakutisha. Alirudia hukumu yako neno kwa neno, wazee wakaitikia. Mkuki kwa nguruwe ulikuwa mtamu, baba.

Jumatatu tunakwenda kwenye baraza la ardhi. Mama hataki kusema kwamba ulikosea, eti mume hasemwi akiwa kaburini. Basi nitasema mimi, mbele ya watu, na jina lako nitalitaja.

Tulihitaji shahidi, nikamfuata mama mdogo Veronika stendi. Nilikuwa tayari anifukuze, na ningemwona ana haki. Nikamweleza yote nikiwa nimeinamisha kichwa. Aligeuza ndizi zake, kisha akauliza:

“Mama yako anakula lakini?”

Binti yako,
ambaye bado hajakusamehe.