Kocha Yuko Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi
Goti limetulia. Nimeliwekea barafu, mguu juu ya mto — mama kanuna, mto ni wa wageni. Asubuhi mazoezini nilimwambia Mnara, yule mrefu wetu wa chini ya kikapu, kwamba kukimbia ngazi kunatuchosha bure. Soga tu. Jioni kocha msaidizi akatangaza: ngazi zimefutwa. Wenzangu wakanishangilia kama bibi harusi. Nilifurahi, niseme ukweli.

Jumatano, 5 Machi
Nimejaribu makusudi. Nimelalamika kwamba maji ya kunywa ni ya moto. Sijamaliza kufunga kamba za viatu, katoni ya maji baridi hiyo hapo! Wenzangu wamelia kuhusu maji hayo tangu msimu uliopita. Mnara anasema siku nikipiga chafya watafunga madirisha yote. Alicheka, ila si sana.

Jumamosi, 8 Machi
Tumefungwa. Pointi moja.
Mwishoni kocha aliomba mapumziko, akachora kwenye kibao chake: mimi niwavute walinzi, mpira uende kwa Mnara. Mpango safi kabisa. Wasichana wakatazama kibao, halafu wakanitazama mimi. Kisha kocha naye akanitazama. Anasubiri niitikie! Nikanyamaza. Akafuta kwa kiganja, akasema haya, cheza mwenyewe.
Nikarusha, nikakosa. Ningeweza kumwambia asifute. Sikusema kwa sababu niliutaka ule mpira.

Jumatatu, 10 Machi
Mwenyekiti wa klabu kaniita ofisini. Juisi, kiti cha ngozi, habari za nyumbani. Halafu: namwonaje kocha? Nikasema ndiye aliyenifundisha kurusha, nikiwa na miaka kumi na miwili na viatu vya kaka yangu. Akasema hilo analijua, anamuulizia kocha wa siku hizi.
Nikayakodolea macho makombe kabatini. Ni kweli siku hizi mzee anachelewa kubadili mchezo. Ni kweli pia anachelewa kwa kuwa ananisubiri mimi. Sikusema la kwanza, sikusema la pili. Mwenyekiti akasema amenielewa, akanisindikiza mpaka mlangoni. Amenielewa nini?

Jumatano, 12 Machi
Mnara kanivuta pembeni baada ya mazoezi. Habari imezagaa klabu nzima kwamba mimi simtaki kocha. Nikamwapia sikufungua mdomo.
"Ndiyo maana," akasema. "Ungeufungua, dada."
Kabeba begi lake, kaondoka. Kila siku tunatoka pamoja. Nimerudi peke yangu, nimekosa hamu ya kula.

Alhamisi, 13 Machi
Naandika haraka haraka. Kocha yuko sebuleni.
Hajakanyaga hapa tangu alipokuja kumwomba marehemu baba aniruhusu kucheza. Mama kafurahi, kamwekea ule mto wa wageni mgongoni, kaenda kuchemsha chai. Mzee kaanza na goti: linaendeleaje, mwanangu? Nikasema vizuri. Kisha akasema mengine akiwa anatazama meza. Kamati inakaa kesho. Mwenyekiti kamwambia akaongee na binti — binti akisema abaki, atabaki. Kwa hiyo amekuja. Hanilaumu, anasema. Anataka tu kujua kama aanze kukusanya vitu vyake.
Ameniomba kazi yake. Mimi!
Nataka abaki. Nampenda yule mzee, na siuoni uwanja bila filimbi yake. Lakini nikisema abaki, Jumamosi atachora nini kwenye kibao? Atanitazama kwanza. Na akienda, atakayekuja ataambiwa nani alimwondoa wa kabla yake, basi naye atanitazama.
Nimeomba nije chumbani kuchukua sweta. Sweta, na joto hili. Nilipoinuka, naye akainuka. Huyu aliyekuwa akinitoa nje nikichelewa, akaniacha nimesimama ukutani mpaka wenzangu wamalize. Kasimama wima, mikono nyuma, mpaka nikatoka.
Sweta ninayo mapajani. Mama karudi na chai, namsikia anamwambia akae jamani, kiti chenyewe hicho. Anamjibu asijali, shemeji, atakaa binti akirudi.